Mabomu yalipoelekezwa kwa wakaaji wa miji: kutoka Ain Zara 1911 hadi Hargeisa 1988

Mwalimu_Milimani (Kisumu) ameandika:

Wanajamvi, salamu kutoka Kisumu. Nafungua uzi huu kwa sababu katika madarasa yetu ya historia nimezoea kuona Vita vya Pili vya Dunia vikifundishwa kama mfululizo wa tarehe na majemadari, huku mashambulizi ya angani yakitengewa aya moja inayoishia Hiroshima. Mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba kupiga miji mabomu kulianzishwa na Wajerumani, kukamalizwa na Wamarekani, na kwamba Afrika ilikuwa pembeni ikitazama. Nina hoja moja tu, na niko tayari kuitetea hapa jamvini: kwa muda wa nusu karne, wakuu wa majeshi waliamini kwamba raia wakipigwa mabomu ya kutosha watakata tamaa na kuilazimisha serikali yao isalimu amri. Imani hiyo ilijaribiwa mara nyingi, kwa gharama ya mamia ya maelfu ya watu, na kila ilipopimwa kwa makini ilikutwa haina msingi.

Mwanzo wenyewe ulikuwa Afrika. Tarehe 1 Novemba 1911, rubani Mwitalia Giulio Gavotti alidondosha kwa mkono wake mabomu madogo, yenye uzito wa takriban kilo mbili kila moja, katika eneo la Ain Zara karibu na Tripoli, wakati Italia ilipokuwa ikiwanyang'anya Waturuki nchi ya Libya. Hasara haikuwa kubwa, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Mnamo 1920 Waingereza walipeleka ndege kumi na mbili katika Somalia yao, zikazipiga ngome za Sayyid Mohammed Abdullah Hassan hadi Taleh, na upinzani uliokuwa umewasumbua kwa miaka ishirini ukavunjika katika muda wa majuma machache. London iliona njia rahisi ya kutawala kwa gharama ndogo, ikaipeleka Iraq, ambako vijiji vilivyokaidi vilipigwa kutoka angani. Miongoni mwa maofisa waliojifunzia kazi huko alikuwamo Arthur Harris, jina ambalo tutakutana nalo tena.

Kisha ikaja Ethiopia. Wazee wa Kisumu waliziona ndege za Imperial Airways zikitua juu ya maji ya ziwa katika miaka ya 1930, zikibeba barua na abiria. Na katika miaka hiyohiyo, kaskazini mwa mpaka wetu, ndege za Italia zilikuwa zikimwaga gesi ya haradali juu ya askari, wakulima na mifugo yao. Mji wa Dessie ulipigwa mabomu Desemba 1935, Mfalme Haile Selassie mwenyewe akiwa huko, na hospitali nayo haikunusurika. Tarehe 30 Juni 1936 mfalme alisimama Geneva mbele ya Ushirika wa Mataifa akaeleza jinsi mvua hiyo ya sumu ilivyowashukia watu wake. Alisikilizwa, kisha vikwazo dhidi ya Italia vikaondolewa mwezi uliofuata.

Mwaka mmoja baadaye, 26 Aprili 1937, ndege za Ujerumani na Italia ziliuteketeza mji wa Guernica nchini Hispania siku ya Jumatatu, ambayo ilikuwa siku ya soko. Msomaji wa huku magharibi anajua namna siku ya soko inavyowakusanya watu wa vijiji vyote vya jirani, akina mama na mizigo yao na watoto waliotumwa kuuza kuku, kwa hiyo hahitaji kuelezwa maana yake. Tarehe 22 Juni 1988 jambo lilelile lilitokea Hawzen, katika Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, pale ndege za serikali ya Mengistu ziliposhambulia soko lililojaa watu, na makadirio mengi yanataja vifo vinavyokaribia au kuzidi 2,000. Guernica inajulikana duniani kote. Hawzen, ambayo iko karibu nasi zaidi, wengi wetu hatujawahi kuisikia.

Nchi yetu pia iliguswa. Juni 1940, mara tu Italia ilipoingia vitani, ndege zake ziliipiga Wajir, na baadaye mwaka huohuo mabomu yaliangukia Malindi. Yalikuwa madogo mno yakilinganishwa na yale ya Ulaya, lakini ni ya kwetu na hayafai kuachwa nje ya kitabu.

Sasa nije kwenye kiini. Kuanzia 7 Septemba 1940, London ilipigwa usiku 57 mfululizo, na hadi Mei 1941 raia wa Uingereza wapatao 43,000 walikuwa wameuawa. Kabla ya vita wataalamu walikuwa wametabiri kwamba watu wangepatwa na wazimu kwa makundi na kuijaza mitaa kwa ghasia, hata hospitali za akili zikatayarishiwa nafasi. Haikuwa hivyo. Watu waliomboleza, waliogopa, walichoka, wengine waliiba kwenye nyumba zilizobomoka (hili huwa halisemwi sana), lakini asubuhi walikwenda kazini. Msiba mkubwa kuliko yote katika mahandaki ya London haukusababishwa na bomu lolote: 3 Machi 1943, katika kituo cha reli cha Bethnal Green, sauti ya roketi mpya za kutungulia ndege iliwashtua watu waliokuwa wakishuka ngazi gizani, mmoja akajikwaa, waliokuwa nyuma wakaendelea kusukuma, na watu 173 wakafa kwa kukosa hewa.

Hapa ndipo ninapowalaumu wakubwa wa Uingereza. Wanasayansi wao wenyewe, Solly Zuckerman na J. D. Bernal, walikwenda Hull na Birmingham kupima athari za mabomu ya Wajerumani kwa wakazi, wakahitimisha kwamba hakukuwa na dalili ya watu kuvunjika moyo. Lord Cherwell, mshauri wa Churchill, aliuchukua utafiti huohuo, hata kabla haujakamilika, akauandikia waraka wa 30 Machi 1942 akidai kwamba kuwabomolea Wajerumani nyumba zao kungewavunja moyo. Jeshi la anga tayari lilikuwa na amri ya Februari mwaka huo ya kulenga maeneo ya makazi, hasa ya wafanyakazi wa viwanda. Sababu nyingine haikutangazwa kwa fahari: uchunguzi wa Agosti 1941 ulikuwa umeonyesha kwamba katika ndege zilizodai kufika kwenye shabaha, ni moja tu kati ya tatu iliyofika ndani ya kilomita nane za shabaha hiyo. Ndege isiyoweza kukipata kiwanda usiku iliweza kuupata mji. Shabaha ikapanuliwa mpaka ikatosha ukubwa wa kosa.

Vita vilipokaribia kwisha, Wamarekani waliunda tume kubwa ya kuchunguza matokeo, ambayo mmoja wa wakurugenzi wake alikuwa mchumi John Kenneth Galbraith. Iligundua kwamba uzalishaji wa silaha wa Ujerumani uliendelea kupanda hadi katikati ya 1944, na kwamba raia walikata tamaa kweli ila hawakuacha kazi. Kwangu mimi sababu iko wazi. Mtu aliyebomolewa nyumba anahitaji mkate, blanketi na mahali pa kulala, na vyote hivyo viko mikononi mwa serikali ileile inayotakiwa kupinduliwa. Isitoshe, anayefukua watoto wake kwenye vifusi hana njia yoyote ya kutia sahihi mkataba wa amani.

Karibuni.

BintiMumias (Kakamega) ameandika:

Ahsante sana, Mwalimu. Ya Malindi sikuwa nayajua. Kwetu hadithi za vita ni za Burma tu: mvua, ruba na njia za matope. Nitarudi kuhusu takwimu.

Mjenzi_Kondele (Kisumu) ameandika:

Mwalimu ameeleza nia ya walioamuru. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni majengo, ningependa kueleza jinsi mji unavyoungua, maana bila hilo idadi ya waliokufa haieleweki. Mji hauteketezwi na bomu moja kubwa. Unateketezwa na mpangilio wa mabomu ya aina mbalimbali, na waliopanga walikuwa watu wenye elimu kama yangu.

Hamburg, usiku wa 27 kuamkia 28 Julai 1943. Hali ya hewa ilikuwa ya joto na kavu kwa siku kadhaa. Wazimamoto wengi walikuwa upande wa magharibi wa mji, wakipambana na moto wa shambulizi la siku tatu kabla. Mabomu yaliangukia upande wa mashariki, katika Hammerbrook na mitaa ya jirani, ambako wafanyakazi waliishi katika majumba ya ghorofa yaliyosongamana. Kwanza mabomu ya mlipuko yalipasua madirisha, yakafumua mapaa na kukata mabomba ya maji yaliyo chini ya barabara. Kisha vikaja vijiti vya moto vyenye uzito usiozidi kilo mbili, kwa maelfu, vikapenya kwenye dari zilizokwisha kufunuliwa. Ngazi za ndani za ghorofa zikawa mabomba ya moshi. Katika muda unaokaribia nusu saa mioto midogo iliungana ikawa mmoja. Hewa ya moto ikapaa juu, na hewa baridi ikavutwa kutoka pande zote kwa nguvu ya tufani iliyong'oa miti. Lami ya barabarani iliyeyuka, na waliojaribu kuvuka walinasa miguu. Waliobaki katika vyumba vya chini ya ardhi, kama walivyofundishwa kufanya, wengi walikufa kwa gesi ya kaboni monoksidi bila kuguswa na mwali wowote, na waokoaji waliwakuta wameketi kwenye viti vyao.

Katika mashambulizi ya siku kumi hivi, Hamburg ilipoteza watu wapatao 37,000, na watu wapatao 900,000 wakaukimbia mji. Kwa sensa ya 2019, idadi hiyo ya waliokimbia ni zaidi ya mara mbili ya wakazi wote wa jiji letu la Kisumu.

Tokyo ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu nyumba zilikuwa za mbao na karatasi. Usiku wa 9 kuamkia 10 Machi 1945, Jenerali Curtis LeMay aliziamuru ndege zake za B-29 ziruke chini kuliko kawaida na ziache nyumbani sehemu kubwa ya bunduki zake ili zibebe mabomu mengi zaidi. Ndege 279 zilidondosha vifurushi vya napalmu, yaani petroli iliyogandishwa, juu ya mitaa ya mashariki, upepo ukiwa mkali. Kilomita za mraba 41 ziliungua, watu wapatao 100,000 walikufa na zaidi ya milioni moja wakabaki bila makao. Sheria ya Japani iliwataka wakazi wabaki kupambana na moto kwa ndoo na mikeka iliyoloweshwa. Sisi tunaojua namna moto unavyopita katika soko la mitumba lenye vibanda vya mbao tunaweza kukisia ndoo hizo zilisaidia nini. Wengi waliotii walichelewa kukimbia, na wengi waliokimbilia mifereji na mto Sumida walikufa humo.

Jambo linalonikera kitaaluma ni hili. Mwaka 1943, katika jangwa la Utah, Wamarekani walijenga mitaa ya mfano ya Kijerumani na ya Kijapani kwa ajili ya kuichoma na kuijenga upya. Wasanifu mashuhuri waliajiriwa kwa kazi hiyo: Erich Mendelsohn, Myahudi aliyekimbia Ujerumani, na Antonin Raymond, aliyekuwa ameishi na kujenga Japani kwa miaka mingi. Walihakikisha mbao ni za aina inayofaa, mapazia yapo, mikeka ya tatami imetandikwa, hata samani za watoto hazikusahauliwa. Hawakuweza kudai kwamba hawakujua nani analala katika vyumba hivyo.

Njoro_Msomaji (Nakuru) ameandika:

Nimesoma kwa makini, na ninaheshimu kazi iliyofanyika, lakini nadhani Mwalimu amevuta kamba upande mmoja. Kusema kwamba mabomu hayakuzaa matunda ni kusahau mambo matatu. Kwanza, kuanzia Mei 1944 mashambulizi dhidi ya viwanda vya mafuta ya Ujerumani yalikausha petroli ya ndege, kiasi kwamba kufikia Septemba marubani wapya hawakuwa na mafuta hata ya kujifunzia. Pili, maelfu ya mizinga ya kutungulia ndege, pamoja na watu wa kuiendesha, ilibaki Ujerumani kulinda miji wakati askari wa Kisovieti walikuwa wakisonga mbele. Bila mabomu, mizinga hiyo ingekuwa inapiga vifaru. Tatu, Japani ilisalimu amri siku chache baada ya Hiroshima na Nagasaki. Je, mwanahistoria anaweza kuyapita hayo?

Naongeza kwamba waliokuwa ndani ya ndege hawakuwa salama. Katika kikosi cha Waingereza cha ndege za mabomu, kati ya watu wapatao 125,000 waliohudumu, 55,573 waliuawa.

Mwalimu_Milimani ameandika:

Ndugu Njoro, hoja zako mbili za kwanza nazikubali karibu zote, na ndizo zinazoipa nguvu hoja yangu. Kiwanda cha mafuta na njia ya reli si nyumba ya mtu. Yalipopigwa mafuta, vita vilibadilika. Zilipopigwa nyumba, zilihesabiwa nyumba. Na tujue kwamba yule Harris wa Iraq, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkuu wa kikosi cha Waingereza cha ndege za mabomu, alilalamika kuhusu kuelekezwa kwenye mafuta, akiamini kwamba miji ndiyo ingemaliza vita. Kuhusu mizinga, ni kweli ilizuiliwa nyumbani, ila ingezuiliwa vilevile kama shabaha zingekuwa viwanda na reli pekee.

Japani ni ngumu zaidi, na sitajifanya imekwisha kuamuliwa. Hiroshima ilipigwa 6 Agosti 1945, Umoja wa Kisovieti ukatangaza vita dhidi ya Japani tarehe 8, Nagasaki ikapigwa tarehe 9, na sauti ya mfalme ikasikika redioni tarehe 15. Wanahistoria wanabishana hadi leo ni lipi kati ya hayo lililomshtua zaidi. Ninachoweza kusema bila shaka ni kwamba miji zaidi ya sitini ya Japani ilikuwa imekwisha kuchomwa kwa mabomu ya kawaida kabla ya Agosti, na serikali ile haikuwa imesalimu amri kwa sababu ya vilio vya wenye miji hiyo. Waliokata shauri walikuwa watu wachache katika chumba kimoja.

Lile la marubani ni kweli tupu, na ni huzuni. Wengi walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu.

Njoro_Msomaji ameandika:

Nimekuelewa kuhusu nyumba na mafuta. La Japani nabaki na shaka yangu.

Kwa kuwa nimetaja nilipo: huku Nakuru ukitazama mashariki unaona safu ya Nyandarua. Kati ya 1953 na 1955 ndege za Waingereza, Harvard na baadaye Lincoln kubwa zilizoruka kutoka Eastleigh, zilidondosha mabomu katika misitu hiyo kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau. Ziliwapata wachache, zikajeruhi tembo na nyati. Haukuwa mji, lakini Lincoln ilitengenezwa kutokana na ileile Lancaster iliyoichoma Hamburg, na sioni kwa nini msitu wetu usiingie katika historia hiyo.

BintiMumias ameandika:

Nimerudi. Shida yangu ni namna idadi za waliokufa zinavyotumiwa. Nimewahi kusoma mahali pengi kwamba Dresden, Februari 1945, ilipoteza watu 200,000 au hata zaidi. Tarakimu hiyo ilienezwa na wizara ya propaganda ya Goebbels, waziri wa Hitler, na tangu hapo imekuwa ikirudiwa na watu wanaotaka kuonyesha kwamba makosa ya pande zote yalilingana. Tume ya wanahistoria iliyoteuliwa na mji wenyewe wa Dresden ilifanya kazi kwa miaka kadhaa, ikapekua kumbukumbu za makaburi na za ofisi za vizazi na vifo, na mwaka 2010 ikatangaza kwamba waliokufa hawakuzidi 25,000. Guernica nayo ina makadirio kutoka chini ya 300 hadi zaidi ya 1,600. Mimi nadhani anayepandisha idadi ili kuwalilia wafu anawakosea wafu haohao, kwa sababu siku takwimu yake inapovunjwa, msikilizaji hutupa na yaliyo kweli. 25,000 katika siku mbili inatosha kabisa.

Wafaransa nao husahauliwa. Zaidi ya 50,000 kati yao waliuawa na mabomu ya marafiki zao, yaani Waingereza na Wamarekani waliokuja kuwakomboa. Le Havre na Caen zilibomolewa na wakombozi.

Jambo la pili ni la jirani yetu. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, katika Kongo ya Wabelgiji, na zaidi ya tani elfu moja za madini hayo zilikuwa zimekwisha kufikishwa New York kabla Wamarekani hawajaanza kuzitafuta. Wachimbaji walikuwa Wakongo. Hiroshima ina makumbusho, na majina ya marehemu huongezwa kila mwaka. Afya ya wale waliobeba mawe hayo kwa mikono haikuwekewa daftari lolote la namna hiyo.

Duka_Bondeni (Nakuru) ameandika:

Assalamu alaikum. Mimi si mwanahistoria, ni mfanyabiashara, lakini ukoo wa mama yangu ni wa Hargeisa, na katika kichwa cha uzi nimeiona ikitajwa bila kuelezwa.

Mwishoni mwa Mei 1988 wapiganaji wa SNM, waliokuwa wakipigana na serikali ya Somalia, waliingia Burao na kisha Hargeisa. Serikali ya Siad Barre ilijibu kwa mizinga na ndege. Kinachowaumiza wazee wetu hadi leo si mabomu pekee. Ni kwamba ndege ziliruka kutoka uwanja wa Hargeisa yenyewe, zikageuka, zikaupiga mji uleule, zikatua, zikajazwa tena. Mtu aliyekuwa uani kwake aliweza kuiona ndege ikipaa na kujua kwamba inarudi kwake. Sehemu kubwa kabisa ya mji ilibomolewa. Mamia ya maelfu walitembea hadi Ethiopia, wengi wao wakiishia kambi ya Hartisheik, na ndege ziliwafuata njiani.

Waliorudi 1991 walikuta nyumba hazina mapaa. Mabati, milango, fremu za madirisha, vyote vilikuwa vimeng'olewa na kuuzwa, na ndani ya vyumba kulikuwa na mabomu ya ardhini. Mjenzi ameeleza jinsi mji unavyoungua. Kwetu tulijifunza jinsi unavyojengwa bila tume wala mkopo: kwanza chumba kimoja kinasafishwa, kinaezekwa turubai, familia inaingia, kisha fedha za ndugu aliye Uarabuni au Ulaya zinaleta bati la kwanza. Katikati ya mji imesimamishwa ndege moja ya MiG iliyoanguka wakati wa mashambulizi, juu ya jukwaa lenye picha za watu waliouawa. Watoto wa shule hupita chini yake kila siku, na wauza fedha hupanga mabunda yao hatua chache kutoka hapo.

Swali langu kwa Mwalimu: kuna sheria? Na kama ipo, ilikuwa wapi mwaka 1988?

Mjenzi_Kondele ameandika:

Nyongeza fupi kuhusu kujenga upya. Rotterdam, iliyopigwa 14 Mei 1940, iliamua kutorudisha mitaa ya zamani, na mwaka 1953 ikafungua Lijnbaan, mtaa wa maduka usioruhusu magari. Warszawa, ambayo Wajerumani waliimalizia kwa baruti baada ya uasi wa 1944, ilijenga upya mji wake mkongwe ikitumia hata picha zilizochorwa katika karne ya 18. Na chini ya miji ya Ujerumani mabomu bado yamo: Septemba 2017 zaidi ya watu 60,000 walihamishwa Frankfurt ili bomu moja la Waingereza liteguliwe. Mhandisi wa huko hachimbi msingi kabla ya kukagua picha zilizopigwa na ndege wakati wa vita.

Mwalimu_Milimani ameandika:

Wa alaikum salaam, ndugu wa Bondeni. Nashukuru umeeleza yale ambayo mimi nisingeweza kuyaeleza.

Sheria ilichelewa sana. Kanuni za vita vya angani ziliandikwa The Hague kati ya 1922 na 1923, zikikataza kuwapiga mabomu raia kwa lengo la kuwatisha, lakini hakuna dola lililozikubali rasmi. Tarehe 1 Septemba 1939, Rais Roosevelt aliziomba nchi zilizokuwa zikiingia vitani zisipige miji isiyo na ulinzi. Zilijibu kwamba zinakubali, na tumeona yaliyofuata. Katika kesi kuu ya Nuremberg, walikoshtakiwa wakuu wa Ujerumani baada ya vita, hakuna aliyetiwa hatiani kwa kosa la kupiga miji kutoka angani, ingawa Wajerumani walikuwa wamepiga Warszawa, Rotterdam, Belgrade na London, na sababu si ngumu kuiona, kwani waendesha mashtaka wangeulizwa kuhusu Hamburg na Tokyo.

Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 uliwalinda raia walio mikononi mwa adui, lakini haukusema mengi kuhusu wale walio chini ya ndege zake. Ilibidi kungoja hadi 1977, kwenye Itifaki ya Kwanza ya Ziada, kifungu cha 51, ndipo ikaandikwa waziwazi kwamba ni marufuku kuuchukulia mji mzima wenye shabaha kadhaa za kijeshi zilizotengana kana kwamba ni shabaha moja. Kwa maneno mengine, kile kilichofanywa kila usiku kwa miaka mitatu juu ya Ujerumani kilipata kuitwa haramu miaka 32 baada ya vita. Uingereza iliiridhia itifaki hiyo 1998. Marekani ilitia sahihi, na hadi leo haijairidhia.

Sasa kuhusu 1988. Itifaki hiyo ya Kwanza inahusu vita kati ya nchi na nchi. Vita vya serikali dhidi ya watu wake vimewekwa katika Itifaki ya Pili ya mwaka uleule, ambayo ni fupi mno. Kifungu chake cha 13 kinasema raia wasishambuliwe, lakini katazo lile la kuupiga mji mzima halikuingizwa humo, kwa sababu serikali nyingi zilizokuwa mezani, zikiwemo nyingi zilizotoka kupata uhuru, hazikutaka mgeni aingilie namna zinavyoshughulika na waasi wao. Somalia haikuwa imejiunga na hata moja kati ya itifaki hizo mbili. Hawzen na Hargeisa zilipigwa katika mwaka mmoja, ndani ya pengo hilohilo. Kama kuna mwanasheria hapa jamvini anayefahamu jinsi sheria ya desturi ya kimataifa ilivyolijaza pengo hilo baada ya mahakama za kimataifa za miaka ya 1990, nitamshukuru akiendeleza kutoka hapa.